Tairi la pikipiki limebadilishwa nyumbani na sasa linasumbua: dalili, chanzo na tiba

Kubadilisha tairi la pikipiki nyumbani ni kazi ambayo mtu mwenye liva tatu za tairi, spana chache, ndoo ya maji na subira anaweza kuifanya vizuri kabisa, hasa kwa pikipiki za kazi kama Bajaj Boxer na TVS HLX, ambazo matairi yake ni membamba na kwa kawaida yana tyubu ndani. Mara nyingi shida haipo katika kulitoa tairi kuukuu na kuliingiza jipya. Shida huja baadaye, upepo unapopungua usiku, gurudumu linapoyumba ingawa mpira ni mpya, au usukani unapoanza kutetemeka mara pikipiki inapofika barabara kuu. Wengi wakifika hapo huilaumu bidhaa, hununua tyubu nyingine na kuifunga kwa mikono ile ile na kwa utaratibu ule ule. Mwongozo huu unaanzia kwenye dalili na kurudi nyuma hadi kwenye chanzo, kwa sababu karibu kila hitilafu ya ufungaji huacha alama yake kwenye tyubu, kwenye rimu au ubavuni mwa tairi, na alama hiyo husomeka ikiwa mtu hajakimbilia kuitupa tyubu kabla ya kuitazama.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba tairi lenyewe linastahili kuwa pale lilipo. Tairi la nyuma lenye maandishi 3.00-17 50P lina upana wa takriban inchi 3, linakaa kwenye rimu yenye kipenyo cha inchi 17, linaweza kubeba hadi kilo 190 na limekusudiwa mwendo usiozidi kilomita 150 kwa saa. Anayepakia abiria na magunia aitazame nambari hiyo ya uzito kwa makini zaidi kuliko mapambo ya kashata, yaani michoro ya sehemu inayokanyaga barabara. Kama tairi lina mshale ubavuni, mshale huo unapaswa kuelekea upande ambao gurudumu huzunguka pikipiki ikienda mbele. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2323 ina maana kwamba tairi lilitengenezwa katika wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililoning'inizwa kwa miaka mbele ya duka, likipigwa na jua, huwa gumu na lenye nyufa ndogo ubavuni, na tairi la namna hiyo litakusumbua hata ukilifunga kwa ustadi wote.

Upepo unaisha muda mfupi baada ya kufunga

Ukiujaza upepo na kuusikia ukitoka papo hapo, au ukaikuta pikipiki imekalia rimu asubuhi inayofuata, usianze na kiraka. Anza kwa kuhifadhi ushahidi. Kabla ya kulifungua tairi, piga alama ya chaki ubavuni mwake pale pale ilipo valvu, tena upande ambao utaukumbuka, tuseme ule wa kulia. Itoe tyubu, ijaze upepo ikiwa nje, izamishe kwenye ndoo kipande kwa kipande, na panapotoa mapovu pazungushie duara kwa kalamu. Sasa ilaze tyubu juu ya tairi kama ilivyokuwa, valvu ikielekea kwenye chaki, nawe utaona tundu lilikuwa likitazamana na nini. Hatua hii huchukua dakika chache, na ndiyo inayotenganisha kutibu na kubahatisha.

Tundu likiwa upande wa nje wa tyubu, ule unaogusana na sehemu ya tairi inayokanyaga barabara, basi kuna kitu bado kimekaa ndani ya tairi. Katika maeneo makavu kama Dodoma na Singida kitu hicho mara nyingi ni ncha ya mwiba wa mgunga, ambayo imekatikia ndani ya mpira na haionekani kwa nje. Pitisha kitambaa laini ndani ya tairi, mzunguko mzima na pande zote mbili. Kitambaa kitakwama pale palipo na ncha, na vidole vyako vitasalimika. Mahali pa kupekua kwanza unapajua tayari, kwa kuwa umepima kutoka kwenye valvu.

Tundu likiwa upande wa ndani, ule unaokalia rimu, geuza macho kwenye rimu yenyewe. Kwenye rimu ya spoki kuna mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki, na mkanda huo ukiwa umekatika, umesogea au haupo kabisa, ncha ya spoki huitoboa tyubu polepole kila gurudumu linapozunguka na mzigo. Kipande kilichokatwa kutoka kwenye tyubu chakavu kinafaa kuwa mkanda, mradi kiwe na upana unaofunika vichwa vyote na kibane bila kukunjamana. Spoki iliyochomoza kupita kichwa chake isawazishwe kwa tupa kabla ya mkanda kurudishwa, la sivyo mkanda mpya nao utatobolewa. Kutu iliyochimba rimu isuguliwe kwa msasa hadi mkono upite juu yake bila kukwaruzwa.

Tundu la ubavuni ndilo linalomhusu fundi wa nyumbani zaidi ya mengine yote. Likiwa na umbo la mwezi mchanga, au yakiwa matundu mawili yanayokaribiana na kufanana, tyubu ilibanwa kati ya vitu viwili vigumu. Kama pikipiki haijatembea tangu ifungwe, basi liva ndiyo iliyobana. Kama ilitembea siku kadhaa bila tatizo, kisha ikaishiwa upepo baada ya kuingia shimoni, upepo ulikuwa kidogo mno na ukingo wa rimu uliibana tyubu dhidi ya tairi. Tiba za hali hizi mbili hazifanani, kwa hiyo inafaa kujiuliza swali hili kabla ya kugusa chochote.

Liva huuma tyubu pale inapolazimishwa, na hulazimishwa kwa sababu ukingo wa tairi, yaani ule mdomo mgumu wenye waya ndani, hautanuki. Waya ule umetengenezwa usivutike, nao una kipenyo kidogo kuliko kingo za rimu. Nafasi pekee ya kuuvusha hupatikana kwenye mfereji wa katikati ya rimu, ambako kipenyo ni kidogo zaidi: upande mmoja wa tairi ukizama humo, upande wa pili hupata ulegevu wa kuvuka. Ukiona unalazimika kusimama juu ya liva kwa uzito wako wote, usiongeze nguvu, bali tazama upande wa pili, kwa kuwa ukingo utakuwa umepanda kutoka kwenye mfereji. Piga goti juu yake, uzamishe tena, na sehemu iliyogoma itapita kwa liva fupi.

Utaratibu unaoilinda tyubu ni huu. Ijaze upepo kidogo tu, kiasi cha kupata umbo la duara bila kutanuka, na uipake poda ili iteleze ndani ya tairi. Pitisha valvu kwenye tundu lake na uifunge nati kwa mizunguko miwili au mitatu tu, isikaze. Uvushe ukingo wa pili kuanzia upande ulio mbali kabisa na valvu na umalizie kwenye valvu, kwa sababu pale kwenye valvu tyubu ni nene na huzuia ukingo kuzama mferejini. Ukimalizia kwingine, utakuwa umejinyima ulegevu unaouhitaji. Chukua sentimita tano kwa kila hatua, wala usiisukume liva kupita wima, kwani ikipita hapo ncha yake huzama ndani na kuikuta tyubu. Kabla ya hatua ya mwisho, isukume valvu ndani kwa kidole gumba kisha uivute irudi, ili uhakikishe kwamba tyubu haikukaliwa na ukingo wa tairi.

Upepo unapungua kwa siku kadhaa

Hapa chanzo mara nyingi ni kidogo na rahisi. Weka tone la maji ya sabuni kwenye mdomo wa valvu. Povu likivimba, sindano iliyo ndani ya valvu imelegea, ina mchanga, au raba yake imechoka. Kaza au badilisha, kisha rudisha kifuniko, ambacho kazi yake ni kuzuia vumbi lisifike kwenye sindano hiyo. Kiraka kinachovuja pembeni huwa kilibandikwa kabla ya solusheni kukauka, au kilibandikwa juu ya mshono wa tyubu ambao haukusuguliwa ukalingana na mpira uliobaki.

Valvu iliyolala upande inastahili kuangaliwa kwa makini. Ikiwa imeinama badala ya kusimama wima kuelekea katikati ya gurudumu, tairi linateleza juu ya rimu na linaiburuta tyubu, na baada ya muda shina la valvu litachanika lote, jeraha ambalo halipokei kiraka. Chanzo chake ni upepo mdogo, au grisi na oili iliyotumiwa kulainisha tairi wakati wa kulifunga. Kwa sababu hiyo ninasisitiza kwamba nati ya valvu isikazwe dhidi ya rimu. Nati iliyokazwa huificha dalili hii mpaka siku shina linapokatika. Irudishe juu, uikaze dhidi ya kifuniko, na valvu ibaki huru kukuonyesha mapema.

Upepo upimwe asubuhi, kabla ya kutembea, kwa kuwa tairi lililokwisha kupata moto husoma zaidi ya hali halisi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii kiwango huwa karibu na psi 25 mbele na psi 28 nyuma, na hufika psi 32 nyuma ukiwa na abiria, lakini kibandiko cha pikipiki yako au kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Kubonyeza tairi kwa kidole gumba si kipimo.

Ukingo wa tairi haukai sawa kwenye rimu

Karibu na rimu, ubavuni mwa tairi, kuna mstari mwembamba unaolizunguka tairi lote. Mstari huo uonekane kwa umbali ule ule kutoka kwenye rimu, pande zote mbili, mzunguko mzima. Ukizama sehemu moja, ukingo haujapanda mahali pake, na gurudumu litaruka kila zamu linapopita hapo. Mara nyingi tairi lilifungwa kavu, au rimu ina kutu inayoukwamisha mpira, au kipande cha tyubu kimebanwa chini ya ukingo. Toa upepo wote, sukuma ukingo urudi mferejini sehemu ile iliyozama, paka maji ya sabuni ya kipande pande zote, kisha jaza upya huku ukilidundadunda gurudumu chini taratibu. Usivuke psi 40 kwa matairi haya, wala usiweke vidole kati ya tairi na rimu wakati upepo unaingia, kwa sababu ukingo hupanda kwa kishindo. Kama bado umezama kwa kiwango hicho, shusha upepo na uanze tena, kwani kuongeza presha hakuwezi kufidia ulainishaji mbaya. Ukingo ukishakaa, rudisha upepo kwenye kiwango cha safari.

Petroli, grisi na oili visitumike kulainisha. Huudhoofisha mpira na hubaki vikitelezesha tairi juu ya rimu, nawe utarudi kwenye ile valvu iliyolala.

Gurudumu linayumba au kuruka katika mwendo mdogo

Mtikisiko unaoonekana kwa macho, au unaosikika mwilini kwenye kilomita 20 hadi 40 kwa saa, kwa kawaida si wa usawazishaji. Ni wa umbo. Inua gurudumu lizunguke huru, funga waya mgumu kwenye shokapu ya mbele ili ncha yake ikaribie ukingo wa rimu bila kugusa, kisha zungusha polepole. Tazama rimu kwanza na tairi baadaye. Rimu ikipita sawasawa mbele ya ncha ilhali tairi linapanda na kushuka, kosa liko kwenye ukingo ambao haujakaa, au tairi lina nyuzi zilizokatika ndani na limevimba, na tairi lililovimba halina tiba ila kuondolewa. Rimu yenyewe ikisogea ubavuni au juu na chini kwa zaidi ya milimita 2, kiwango ambacho watengenezaji wengi hukitaja kuwa kikomo, basi imepinda au spoki zimelegea.

Gonga spoki moja moja kwa spana ndogo. Iliyokazwa hutoa mlio safi, iliyolegea hutoa mlio mfu. Rimu iliyovutwa kulia hurudishwa kwa kulegeza spoki zinazotoka upande wa kulia wa habu (kitovu cha gurudumu) mahali hapo na kukaza zile za kushoto, robo mzunguko kila mara, ukipima baada ya kila hatua. Ni kazi ya polepole, na asiye na subira nayo ampelekee fundi wa spoki. Baada ya kukaza, kagua tena ncha za spoki ndani ya rimu. Rimu ya alumini isiyo na spoki ikiwa na ufa haichomelewi, inabadilishwa.

Ukiwa bado na gurudumu hewani, lishike juu na chini ulitikise kuelekea ubavuni. Ulegevu unaousikia mkononi ni wa beringi za gurudumu, na beringi mbovu huiga dalili nyingi za tairi.

Mtetemo unaokuja kwenye mwendo fulani

Mtetemo ambao haupo kwenye kilomita 40, unaanza kwenye 60 na kukolea kwenye 80, ndio wenye sura ya gurudumu lisilosawazishwa, au lisilobalansiwa kama wengi wanavyosema. Lakini injini ya silinda moja nayo hutetema, na watu wengi wamesawazisha magurudumu yasiyo na kosa. Barabara ikiwa wazi na salama, ukiwa kwenye mwendo unaotetema, shika klachi na uiache injini ishuke kwenye mzunguko wake wa chini. Mtetemo ukitoweka mara moja, hautoki kwenye gurudumu. Ukibaki na kupungua kadiri mwendo unavyopungua, unatoka kwenye gurudumu: la mbele ukiusikia mikononi, la nyuma ukiusikia kwenye kiti na vikanyagio.

Ni haki kusema kwamba pikipiki ya cc 100 inayoshinda kati ya Kariakoo na Buguruni kwa mwendo wa kilomita 40 haitadai usawazishaji. Anayetoka Kibaha kuelekea Chalinze kwa kilomita 80 yuko katika hali nyingine, na hesabu inaonyesha sababu. Tairi la ukubwa huu kwa mwendo huo huzunguka takriban mara 12 kwa sekunde. Gramu 30 tu zilizozidi upande mmoja wa rimu ya inchi 17 huvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 4, ikibadili mwelekeo katika kila mzunguko. Kwa kilomita 40 kwa saa nguvu hiyo hushuka hadi robo, kwa sababu mwendo ukipungua nusu, nguvu hupungua mara nne. Ndiyo maana kosa lile lile halisikiki mjini na huchosha mikono kwenye barabara kuu, na hula beringi hata pale lisiposikika.

Kusawazisha nyumbani hakuhitaji mashine. Toa gurudumu, ondoa bamba la breki na kifaa kinachozungusha waya wa spidomita, kisha pitisha ekseli na uikalishe juu ya vigoda viwili vya kimo sawa vyenye mikato ya kuizuia isibingirike, ukihakikisha kwa pima maji kwamba imelala sawa. Lizungushe gurudumu polepole na uliache litulie lenyewe. Upande mzito hushuka chini, kwa hiyo piga chaki juu kabisa, kwenye upande mwepesi. Rudia mara kadhaa. Chaki ikirudi juu kila mara, bandika hapo uzito wa muda kwa utepe, nati ndogo au waya wa risasi wa kuchomelea. Kisha geuza gurudumu mpaka uzito huo uwe ubavuni, usawa wa ekseli, na uachie. Uzito ukishuka, umezidi, ukipanda, haujatosha. Ukiona gurudumu linatulia popote unapoliacha, katika robo zote nne za mzunguko, kazi imekwisha. Kwenye rimu ya spoki, zungushia waya huo wa risasi kwenye spoki karibu na rimu na uufunike kwa utepe. Kwenye rimu ya alumini, bandika vipande vya risasi vyenye gundi baada ya kufuta rimu kwa spiriti na kuiacha ikauke. Uzito mkubwa ugawe pande mbili za rimu.

Usawazishaji wenyewe unapogoma

Gurudumu likisimama mahali tofauti kila mara, kuna maelezo mawili: limesawazika, au msuguano unauficha uzito. Lipo jaribio la uhakika. Bandika gramu 5 ubavuni, usawa wa ekseli. Gurudumu likisogea, kipimo chako ni cha kuaminika. Lisiposogea, sili za beringi zinashika mno. Toa sili hizo kwa muda au futa grisi iliyoganda midomoni mwake, na hakikisha hakuna kinachoibana ekseli. Wengi huiruka hatua hii, kisha husifu gurudumu ambalo halikupimwa.

Likidai zaidi ya gramu 60, usiendelee kurundika risasi. Toa upepo, achanisha ukingo na rimu pande zote mbili, lainisha kwa maji ya sabuni, na ulizungushe tairi nusu mzunguko juu ya rimu, tyubu ikibaki na valvu yake pale pale. Kwa kuwa tyubu inashikwa na valvu, italazimu kufungua upande mmoja wa tairi na kuipanga upya. Baadhi ya watengenezaji huweka nukta ya rangi ubavuni kuonyesha sehemu nyepesi ya tairi, na nukta hiyo huwekwa pale pale ilipo valvu, ambayo ni sehemu nzito ya tyubu. Kagua pia kama tyubu ina viraka vikubwa upande mmoja.

Gurudumu ambalo lilisawazika leo na likakataa kesho huwa lina kitu kinachotembea ndani: maji yaliyoingia wakati wa kufunga, au dawa ya majimaji ya kuziba pancha, ambayo hukusanyika chini kila pikipiki inaposimama. Hapo hakuna uzito wa nje utakaosaidia mpaka tairi likaushwe.

Na kama limesawazika, ni la duara, lakini usukani bado unatikisika, angalia beringi za shingo ya usukani kabla ya kuligusa tairi tena.

Breki, spidomita na mnyororo baada ya kurudisha gurudumu

Sehemu hii ina hatari kubwa kuliko zote zilizotangulia. Kwenye pikipiki yenye breki ya dramu mbele, bamba la breki lina mfereji unaopaswa kuingia kwenye kinundu kilichopo kwenye mguu wa shokapu. Kisipoingia, bamba litazunguka na gurudumu mara ya kwanza utakapokaba breki kwa nguvu, litaukata waya na huenda likalifunga gurudumu. Kwa nyuma, kazi hiyo hufanywa na mkono wa chuma unaoliunganisha bamba la breki na fremu. Nati yake ikazwe na pini yake irudishwe, na pini iliyochoka isirudishwe. Kabla ya kutoka nyumbani, sukuma pikipiki mbele na nyuma huku ukikaba breki, na tazama kwa macho kwamba bamba halisogei.

Breki inayoshika na kuachia kwa zamu, ilhali haikuwa hivyo kabla, hutokana na bamba ambalo halikukaa katikati. Legeza nati ya ekseli, zungusha gurudumu, kaba breki, na ukaze nati ukiwa bado umekaba. Spidomita iliyokufa ina maana kwamba meno ya kifaa chake hayakuingia kwenye mikato ya habu, na ukikaza ekseli hivyo hivyo utayavunja. Kwenye breki ya diski, usibonyeze mkono wa breki gurudumu likiwa nje; weka kibao chembamba kati ya pedi.

Mnyororo uachiwe mchezo wa takriban milimita 20 hadi 30 kwa pikipiki nyingi hizi, upimwe ukiwa umekaa mahali unapobana zaidi. Alama zilizochongwa kwenye fremu ya nyuma zina manufaa ila si sahihi nyakati zote. Uzi mrefu uliovutwa kutoka tairi la nyuma hadi la mbele, pande zote mbili, kwa kimo cha chini kidogo ya ekseli, huonyesha kama magurudumu yamo kwenye mstari mmoja. Pikipiki inayovuta upande mmoja, au tairi la nyuma linalolika bega moja, irudishwe kwenye uzi huo kabla ya kununuliwa tairi lingine.

Tairi jipya linateleza

Mpira mpya una uso laini unaong'aa kutoka kiwandani, nao hauishiki lami vizuri, hasa ikiwa imelowa. Kwa kilomita 150 za mwanzo punguza mwendo kwenye kona, ongeza mafuta taratibu, kaba breki mapema, na usipakie abiria kama unaweza kuepuka, mpaka kashata ipoteze mng'ao wake hadi karibu na mabega. Likiendelea kuteleza baada ya hapo barabara ikiwa kavu, futa uso wake kwa maji ya sabuni endapo liliguswa na grisi wakati wa kufunga, pima upepo asubuhi, na usome upya zile tarakimu nne za tarehe.